Daftari la Mama Mkunga: Kwa Gari Moshi Kutoka Roma Hadi Paris

Liko mbele yangu daftari la shule, lile lenye meza ya kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Pembe zake zimekunjika, na ukurasa mmoja una doa la kahawa. Mwenyewe ni mama wa Ifakara, mkunga aliyestaafu, mwenye miaka 71. Mtaani watu wote humwita Mama Mkunga, nasi tutamwita vivyo hivyo. Mwezi wa Septemba 2025 mama huyu pamoja na binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, walisafiri kwa gari moshi toka Roma mpaka Paris. Walipita pwani ya Italia, wakavuka milima ya Alps, wakakaa Uswisi, wakatokea katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Safari ilikuwa ya siku ishirini na nne. Matengenezo yake yalichukua mwaka mmoja na nusu, nayo ndiyo yaliyolijaza daftari hili.

Nililiomba kwa sababu watu wa parokia nyingi huulizana habari za kwenda Roma, na wengi hudhani ni mambo ya maaskofu na matajiri tu. Gharama ni kubwa, sitaficha. Lakini nimeona kwamba fedha nyingi za wasafiri wetu hupotea kwa kutojua, na hapo daftari laweza kusaidia.

SISTA NA KISIMA

Katika miaka ya 1970 Mama Mkunga alijifunza ukunga Ifakara chini ya Sista mmoja Mswisi, wa shirika la Baldegg. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1830 katika kijiji cha Baldegg, jimbo la Luzern. Masista wake walifika Tanganyika mwaka 1921, wakafanya kazi pamoja na Wakapuchini, na wazee wa Ulanga na Kilombero wanawakumbuka vizuri. Sista huyu alikuwa mkali. Mwanafunzi aliyechelewa zamu alifua mashuka ya wodi nzima. Lakini Mama Mkunga mwenyewe alipojifungua mtoto wa kwanza, hali ikawa mbaya, Sista alikaa naye usiku kucha, hakwenda kulala wala kula. Mtoto aliyezaliwa alfajiri ile ndiye mwalimu huyu aliyemsindikiza Ulaya.

Uzeeni Sista alirudi kwao. Barua zikawa zinakuja kila Noeli na kila Pasaka, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa kuinama. Barua ya Noeli ya 2023 ilikuja kwa mwandiko mwingine: macho ya Sista yalikuwa hayaoni tena karatasi.

Hapo Mama Mkunga aliwaita watoto wake watano, akawaambia anataka kumwamkia Sista kabla mmoja wao hajaitwa na Mungu. Watoto wakanyamaza. Kisha mwanawe mkubwa akasema bila kuficha kwamba kwa fedha hizo wangechimba kisima, maana mama bado anachotewa maji mbali. Nadhani maneno yake yalikuwa ya haki, na hata leo hajayafuta. Mama akamjibu: "Kisima mtachimba mwaka wowote, mwanangu. Sista ana miaka tisini na tatu." Ikawa kuweka akiba: mpunga wa misimu miwili, na kila mwezi kiasi toka kwa wale wenye mishahara.

Basi, njia ya karibu ingekuwa kupanda ndege moja kwa moja hadi Zürich, kumsalimu Sista na kurudi. Lakini mwaka 2025 ulikuwa Mwaka Mtakatifu. "Nikifika Ulaya nisifike Roma, nitawaambia nini akina mama wa WAWATA?" Kisha ikaja Paris, kwa ajili ya Medali ya Miujiza ambayo mama ameivaa tangu Komunyo ya kwanza. Mwalimu akatazama ramani, akaona kwamba Roma, Baldegg na Paris zimefungwa na njia moja ya reli. Wakakata tiketi ya ndege ya kushukia Roma na kuondokea Paris, ili wasirudie njia waliyokwisha pita. Hilo ni shauri la kwanza katika daftari, limepigiwa mstari mara mbili.

VIZA NA SHAKA YAKE

Italia, Uswisi na Ufaransa zimo katika mapatano ya Schengen, kwa hiyo viza moja yatosha kwa zote tatu. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, tena ina fedha yake, faranga, lakini katika jambo hili iko pamoja na wenzake. Viza huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Wao walihesabu siku kumi za Uswisi, nyingi kuliko za kwingine, wakajua mlango wa kubisha.

Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata ukikataliwa. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kufaa kwa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Kisha barua ya mwaliko, nayo Masista waliandika. Habari za fedha benki. Na mpango wa kila siku, utalala wapi. Vyumba waliviwekesha kwa namna inayoweza kufutwa bila kulipa. Alama za vidole mwombaji huzitoa mwenyewe, hatumi mtu. Tena tangu Oktoba 2025 ulianza utaratibu mpya mpakani: badala ya mhuri katika pasipoti, mgeni huandikwa katika kompyuta kwa picha na vidole. Atakayekwenda sasa asishangae.

Walipeleka maombi mwezi wa Juni. Wiki tano zikapita kimya. Hapa ndipo mama na binti walipogombana, na ugomvi wenyewe una faida kwa msomaji.

Magari moshi ya Ulaya ni ya namna mbili. Yako ya mwendo wa kasi, ambayo kila mtu ana namba ya kiti chake, na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia, kama bei ya ndege. Tiketi zake za bei nafuu kwa kawaida hazirudishwi fedha. Yako pia ya kawaida, yanayosimama vituo vingi. Nchini Italia na Ufaransa bei ya haya kwa kawaida haibadiliki. Unanunua siku ile ile, unakaa popote. Mwalimu alitaka kununua mapema tiketi za kasi. Mama akasema: "Hatuna viza. Wakitukataa tutakuwa tumetupa mpunga barabarani."

Wakaipitia njia yote kwa kalamu. Wakaona kwamba magari ya lazima kuwekesha kiti yalikuwa matatu tu: la kutoka Roma kwenda La Spezia, la kutoka Lausanne kwenda Dijon, na la kutoka Dijon kwenda Paris. Njia nyingine zote zilikuwa za magari ya kawaida. Basi hatari ikawa ndogo kuliko walivyoiogopa. Mwalimu akanunua ile ya Lausanne peke yake, maana ndiyo iliyokuwa ikipanda upesi, akalipa kwa fedha yake mwenyewe, mama asijue. Viza ilitoka mwanzoni mwa Agosti. Mama alipoambiwa habari ya ile tiketi hakusema neno, ila katika daftari ameandika pembeni: "Huyu ana kichwa kama baba yake."

Wengi wameuliza juu ya tiketi ya jumla, ile iitwayo Eurail, iliyoanza mwaka 1959 kwa wageni wakaao nje ya Ulaya. Siku hizi hukubaliwa katika nchi 33. Ni kitu kizuri kwa kijana chini ya miaka 28, au kwa wazazi, maana watoto wa miaka 4 hadi 11 hupewa bure wakifuatana na mtu mzima. Wazee wa miaka 60 na zaidi hupunguziwa sehemu ya kumi. Lakini haimalizi gharama zote: magari mengi ya kasi hudai fedha ya kiti juu yake. Mama Mkunga na binti yake walikuwa na siku chache za safari ndefu, na tiketi za kawaida za Italia ni rahisi. Wakaiacha. Kwa Uswisi, ambako nauli ni kali kweli kweli, walinunua mapema tiketi za siku moja za bei ya chini, zinazokuruhusu kuzunguka nchi nzima siku hiyo.

SAA YA KWAO, SAA YETU

Kurasa nne nzima zimepigwa mistari miwili ya kusimama: upande mmoja "saa ya kwao", upande mwingine "saa yetu". Ratiba za Ulaya huhesabu saa toka sifuri hadi ishirini na nne. Ukiona 14:05, toa sita: ni saa nane na dakika tano mchana. Ukiona 07:20, toa sita: saa moja na dakika ishirini asubuhi. Ukiona 19:40, toa sita, inabaki 13:40. Toa tena kumi na mbili, ni saa moja na dakika arobaini usiku. Mwalimu aliiandika kila safari kwa namna zote mbili, na mama akaisoma kwa sauti kila jioni kama somo la katekisimu.

Tena mwezi wa Septemba Ulaya iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ya mwalimu ilijibadilisha yenyewe. Saa ya mkononi ya mama haikubadilishwa, mwenyewe alikataa. Kwa hiyo kila siku alifika stesheni saa moja kabla ya wakati, akakaa juu ya begi lake na kusali Rozari. Binti alinung'unika siku mbili za kwanza, kisha akazoea.

Maneno ya kuandika ni machache. Kule Italia njia ya gari ndani ya stesheni huitwa "binario", Uswisi ya Kijerumani "Gleis", Ufaransa "voie". Tiketi ya karatasi ya gari la kawaida la Italia lazima uigonge mhuri katika kijisanduku kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini hata kama umelipa nauli. Na jambo hili jamani msilisahau: namba ya njia yaweza kubadilishwa dakika za mwisho. Liliwapata katika stesheni moja ya kubadilishia, walipokuwa wakienda Milano. Walisimama pale walipoelekezwa, ubao ukabadilika, wao wakiwa wanapiga picha. Gari likaondoka mbele ya macho yao, njia ya pili kutoka kwao. Bahati tiketi yao ilikuwa ya gari la kawaida, ikafaa kwa lililofuata. Lakini walifika Milano usiku, na lile kanisa kuu la marumaru hawakuliona.

KUTOKA ROMA KUFUATA BAHARI

Kwa Roma sitakaa sana, maana gazeti hili limekwisha kuandika mengi. Walilala katika nyumba ya Masista inayopokea wageni: chumba safi, bei ya wastani, na mlango hufungwa saa maalumu usiku, apendaye kuzurura atafute kwingine. Jumatano, tarehe 17 Septemba, walikuwa katika uwanja wa Mtakatifu Petro kwa mkutano wa Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne. Kuingia ni bure, na yeyote anayekuuzia karatasi ya kuingilia anakuibia. Walipita Mlango Mtakatifu. Mama hakuandika lolote siku hiyo, isipokuwa tarehe.

Kutoka Roma gari lilifuata pwani ya magharibi kwa muda wa saa nne hivi, likapita Pisa, likafika La Spezia. Huko walipanga chumba, maana mjini ni nafuu kuliko katika vijiji vyenyewe. Mbele ya La Spezia kuna vijiji vitano vinavyoitwa Cinque Terre: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso. Vimebandikwa juu ya majabali, bahari chini, mlima mgongoni. Reli ilikamilika mwaka 1874, nayo imepita zaidi ndani ya mahandaki. Unakaa gizani, mara bahari inafunguka dirishani kama mtu aliyefungua mlango, kabla hujasema "tazama" mlango umefungwa. Mama hakuogopa mahandaki. Akiwa msichana aliwaona Wachina wakijenga reli ya TAZARA, na amekwisha kupita milima ya kati ya Mlimba na Makambako mara nyingi. Kwa gari moshi si mgeni.

Kilichomshangaza ni mashamba. Mlima mzima umekatwa ngazi ngazi, kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na juu ya kila ngazi kuna mizabibu mistari michache tu. Watu walianza kazi hiyo karne nyingi zilizopita. Zabibu zilikuwa zikivunwa wakati ule, na katika mahali pengine hushushwa kwa kigari kidogo kinachotambaa juu ya chuma kimoja, dereva amekaa kama juu ya punda. Vijana wengi wameondoka kwenda mijini, na ukuta usiotazamwa huanguka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa iliporomosha matope mpaka ndani ya Vernazza na Monterosso, watu wakafa. Mama aliuliza mkulima hapati shamba tambarare? Hakuna. "Hapa hata mbuzi angefikiri mara mbili," ameandika.

Tiketi ya siku nzima inayoruhusu kupanda na kushuka vijiji vyote ipo, na ina faida kwa anayetaka kuviona zaidi ya viwili. Kwa wazee: Corniglia iko juu, na toka stesheni kuna ngazi zaidi ya 350. Mwalimu alipanda. Mama alibaki Manarola na chupa yake ya maji.

GARI JEKUNDU LA MLIMANI

Toka Milano kwenda Tirano ni saa mbili na nusu, sehemu kubwa kando ya ziwa Como. Tirano ni mji mdogo wa mpakani, na watalii wengi hushuka hapo ili kubadilisha gari tu. Wanakosa. Tarehe 29 Septemba 1504 Bikira Maria alimtokea hapo mtu aitwaye Mario Omodei, aliyekuwa akienda shambani alfajiri, wakati wa tauni, akamwagiza lijengwe kanisa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1505, na kanisa lipo. Basi reli ya kwenda Uswisi inakatiza uwanja uliopo mbele ya kanisa hilo, katikati ya barabara, gari moshi likipita pamoja na baiskeli. Mama na binti walisali asubuhi, wakatoka nje, wakaliona gari jekundu likipita taratibu mbele ya mlango.

Ni reli ya Bernina, iliyofunguliwa yote mwaka 1910. Tirano ipo mita 429 juu ya bahari. Kituo cha juu kabisa, Ospizio Bernina, kipo mita 2,253. Gari linapanda mita saba kwa kila mita mia, bila meno wala mnyororo, kwa magurudumu matupu juu ya chuma. Mahali paitwapo Brusio mteremko ulikuwa mkali mno, wajenzi wakaifanya reli izunguke duara zima juu ya daraja la matao tisa: gari linapita chini ya daraja ambalo limetoka kulipita juu, au kinyume chake ukiwa unapanda. Mwaka 2008 njia hii iliandikwa na UNESCO katika hazina za dunia.

Msomaji wa Kenya asijione mnyonge. Reli ya zamani ya kwenda Uganda ilipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, juu kuliko Bernina. Ila Timboroa hakuna theluji.

Hapa daftari lina shauri linalookoa fedha. Yako magari ya madirisha makubwa mpaka darini, yaitwayo Bernina Express, nayo hutaka kiti kilichowekeshwa na malipo zaidi. Lakini magari mekundu ya kawaida hupita reli ile ile, milima ile ile, hayataki kuwekesha, na baadhi yana madirisha yanayofunguka. Walipanda la kawaida. Chini walikuwa na jua na bustani za mahindi. Baada ya saa moja na nusu walikuwa juu penye mawe matupu, ziwa jeupe kama maji ya mchele, na theluji mabondeni. Maji ya upande mmoja wa ziwa hilo huteremka kwenda bahari ya Adriatiki, ya upande wa pili huenda bahari Nyeusi. Mama alivaa sweta mbili na kitenge juu.

Mbele zaidi, katika njia ya kuteremkia Chur, gari hutoka katika tundu la mwamba na papo hapo liko juu ya daraja la Landwasser, mita 65 juu ya mto, daraja lenyewe likipinda. Lilijengwa kwa mawe, likamalizika mwaka 1902. Mwalimu alipiga picha. Mama alifumba macho, amekiri mwenyewe.

BALDEGG

Kutoka Luzern gari dogo la bonde huchukua kama nusu saa. Kituo kinaitwa Baldegg Kloster, yaani Konventi ya Baldegg. Tangu asubuhi mama hakuwa akizungumza. Barua ya mwisho waliyopata kabla ya kuondoka ilisema Sista huchanganya watu, na siku nyingine hajui yu wapi. Katika matengenezo yote, hilo tu halikuwa na tiketi ya kurudishiwa.

Walipelekwa katika chumba chenye dirisha kubwa. Sista alikuwa kitini, mdogo kuliko walivyomkumbuka, macho yameelekea mwangani. Mama akapiga goti.

"Shikamoo, Sista."

Sista akakaa kimya kitambo. Kisha akasema kwa Kiswahili kile kile cha zamani: "Marahaba. Umechelewa zamu."

Walikaa siku nane katika nyumba ya wageni. Asubuhi mama alimenya maepo jikoni pamoja na Masista wazee, bila lugha ya pamoja, na kazi ikaenda. Jioni alisali Rozari na Sista kwa Kiswahili. Sista aliuliza habari za watu wa Ifakara kwa majina, na mara nyingi jibu lilikuwa "amekwisha kufa, Sista", kisha Salamu Maria moja, kisha jina lingine. Siku mbili kati ya hizo hakumtambua kabisa mgeni wake. Alipewa kanga, akaiweka magotini, akaishika upindo kwa vidole akitafuta maandishi.

DIVAI NA HOSPITALI

Waliteremka magharibi mpaka ziwa Geneva. Kati ya Lausanne na Vevey kuna mashamba ya Lavaux, ngazi za mizabibu juu ya ziwa, zilizoanzwa na wamonaki karne ya kumi na mbili. Wenyeji husema zabibu zao zina majua matatu: la mbinguni, la ziwani linalorudisha mwanga, na la kuta za mawe zinazotunza joto usiku. Gari la kawaida husimama vijijini humo, dakika chache tu toka Lausanne. Yatosha nusu siku.

Ila Beaune nataka tukae kidogo. Kutoka Lausanne gari la kasi huvuka mpaka hadi Dijon kwa saa mbili hivi, na toka Dijon gari la kawaida hufika Beaune kwa dakika ishirini. Ni nchi ya Bourgogne, inayojulikana duniani kwa divai. Mavuno yalikuwa yamekwisha, majani yakigeuka manjano. Mama hanywi divai. Alikwenda kwa ajili ya hospitali.

Mwaka 1443, nchi ikiwa imechoshwa na vita na njaa, Nicolas Rolin, chansela wa mtawala wa Bourgogne, na mkewe Guigone de Salins walijenga hospitali ya maskini hapo Beaune. Mgonjwa wa kwanza aliingia tarehe 1 Januari 1452. Masista waliwauguza wagonjwa humo zaidi ya miaka mia tano, mpaka katika miaka ya 1970 walipohamishiwa jengo jipya. Wodi kuu ipo kama ilivyokuwa: vitanda vya mbao vyenye mapazia mekundu vimepangwa pande mbili, na mwisho wake kuna altare, ili mgonjwa asikie Misa akiwa amelala. Mama Mkunga aliihesabu nafasi ya kati ya vitanda kwa hatua zake. Alipoambiwa kwamba kitanda kimoja kililaza wagonjwa wawili alitikisa kichwa: "Sista angetufukuza sote."

Na fedha? Karne kwa karne watu wa Bourgogne waliiachia hospitali hiyo mashamba ya mizabibu katika wosia zao. Leo ni kama hekta 60. Tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada kila Novemba, Jumapili ya tatu, na matajiri huja toka mbali kushindania mapipa. Faida huendesha matibabu. Mama alimwomba binti yake aandike habari hiyo yote, kwa ajili ya zahanati ya parokia. Sisi hatuna mizabibu Kilombero, lakini mpunga tunao.

Zabibu si ngeni nchini kwetu. Wamisionari walizipanda Bihawana, karibu na Dodoma, na leo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Beaune mara moja tu. Sheria ya Kanisa hutaka divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika, na mkulima wa Dodoma akisimama Beaune angeijua kazi mara moja. Angeshangaa bei.

Kutoka Dijon hadi Paris ni saa moja na nusu na kitu. Kikanisa cha Rue du Bac, ambako mwaka 1830 Mama Maria alimtokea Mtakatifu Katarina Labouré, binti wa mkulima wa Bourgogne hiyo hiyo, kipo katikati ya mji nyuma ya lango dogo, na wengi hulipita bila kuliona. Mama alinunua medali sitini, za jumuiya nzima.

Ukurasa wa mwisho una orodha ya makosa. Begi la kilo 19, ingefaa 8. Viatu vipya, vilimuumiza tangu Roma. Kubadilisha gari kwa dakika sita kunawezekana Uswisi kwa kijana, mzee aachiwe nusu saa. Chakula cha ndani ya gari ni ghali, beba mkate. Usipige picha ubao unapobadilika.

Noeli ya 2025 barua ilikuja tena toka Baldegg, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Sista bado hulala na kanga magotini, na ameuliza kama kisima kimechimbwa. Bado. Mwana mkubwa amesema ni baada ya mavuno.

Daftari nitalirudisha Jumapili baada ya Misa ya kwanza, maana mke wa katekista amekwisha kuliulizia mara mbili. Yeye na mumewe wanataka kujua habari za Lourdes.